Karatasi ya Jumanne asubuhi

Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Akifanikiwa, sifa anapewa baba yake. Akikwama, hodi inapigwa kwako. Kwa hiyo dada alipofika nyumbani kwangu Ligula, hapa Mtwara, jioni moja, akavua kandambili mlangoni na kukaa kimya kuliko kawaida yake, nilijua kuna hela inatafutwa. Sikujua tu kwamba ni hela ya tenisi.

Mpwa wangu aliuanza mchezo huu kwa kuokota mipira. Enzi za pilikapilika za gesi, miaka ile bomba la kwenda Dar linajengwa hadi likakamilika 2015, Shangani ilijaa wageni, na baadhi yao walikuwa wanacheza jioni kwenye kiwanja kimoja cha sementi chenye nyufa. Watoto walipewa mia tano mia tano kuwaokotea mipira. Mgeni mmoja alipohama akamwachia raketi. Miaka ikapita, kijana akawa anamfunga kila mtu hapa mjini, jambo ambalo si kubwa, maana wachezaji wenyewe unaweza kuwahesabu kabla ugali haujapoa. Alikwenda Dar mara kadhaa, akaingia kwenye orodha ya taifa, mkiani huko. Sasa ana miaka ishirini na moja na anataka kwenda Nairobi kucheza hatua ya kufuzu ya mashindano ya kulipwa.

Mashindano yenyewe ni ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, daraja la M25. M ni wanaume, na 25 ni dola 25,000, jumla ya zawadi za wiki nzima wakati ule (tangu 2025 zimepanda kuwa 30,000). Nilipoisikia hiyo namba masikio yalinisimama. Akanituliza mwenyewe: bingwa anachukua dola 3,600, wengine wanagawana kinachobaki, na anayefungwa raundi ya kwanza ya droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya kufuzu, anapata 260.

"Na anayefungwa kwenye kufuzu?"

"Huyo hapati kitu, Mjomba."

Tunaitana hivyo, Mjomba kwa Mjomba, ndiyo maana hata tukigombana mtu wa pembeni hajui nani anamkemea nani.

Sasa nieleze jambo ambalo ningelielewa mapema, ningejipanga tofauti. Nilidhani kufuzu ni kama mchangani: majina yanawekwa kwenye kofia, ukibahatika unakutana na mnyonge mwenzako. Sivyo. Droo ya kufuzu aliyoingia ilikuwa ya watu 32, na wanaopita ni wanane. Kwa hiyo inakatwa vipande vinane, kila kipande watu wanne, na kila kipande kinawekewa wachezaji wawili wenye nafasi za juu, hao wanaoitwa sidi, mmoja juu na mmoja chini. Sidi kumi na sita, wasio sidi kumi na sita. Fanya hesabu mwenyewe: asiye sidi lazima aanze na sidi. Huko hakuna mnyonge mwenzako, na kama yupo, mtakutana tu endapo nyote wawili mmeshaangusha mtu mkubwa siku moja kabla.

Ukishinda mara mbili unaingia droo kuu. Hapo bado huna hata pointi moja ya orodha ya dunia, ile ya ATP. Pointi ya kwanza inakuja ukishinda mechi kwenye droo kuu, na kwa M25 ni moja tu. Hiyo moja ndiyo inamtoa mtu kwenye kundi la wasiokuwa na jina na kumweka kwenye orodha, na wiki nyingine anapoomba nafasi anatangulia mbele ya wote wasio nayo. Watu wanazunguka Afrika nzima kuitafuta.

Nikamuuliza, bila kuoneana haya, ukicheza mechi tano na mtu wa aina hiyo utashinda ngapi? Akafikiri, akakuna kichwa. "Moja."

Moja kati ya tano, mara mbili mfululizo, ni moja kati ya ishirini na tano kuingia droo kuu. Ongeza mechi ya kuipata pointi, unafika moja kati ya mia na ishirini na tano. Mimi mkulima wa korosho. Napanda mche nikijua maua nitayasubiri miaka mitatu, na hiyo naiita subira. Hii sikuwa na jina lake. Lakini nilitoa hela, na sababu niliyonayo ni hiyo hiyo "moja" yake. Angenijibu tatu nisingetoa hata senti.

Mambo ya makaratasi nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yaliyotuchosha. Mchezaji anajisajili mtandaoni na kupewa namba ya utambulisho, IPIN, anailipia kila mwaka, na bila hiyo haombi mashindano yoyote. Majina aliyoandika kule yalikuwa mawili, kwenye kitambulisho cha NIDA yako matatu, kwa hiyo pasipoti ingetoka na matatu. Yalinganishe tangu mwanzo. Pasipoti yenyewe 150,000, na usiiache mpaka mwezi wa safari.

Mwisho wa kuomba ni Alhamisi, siku kumi na nane kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano, saa 14:00 za Greenwich. Sisi tuliisoma saa nane mchana. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, tukakimbia na simu yenye chaji asilimia sita mpaka kwa fundi mmoja mwenye sola, kijana anatetemeka, tukamaliza saa nane kasoro dakika tatu tukipumua kama tumetoka kubeba magunia. Kumbe 14:00 ya Greenwich kwetu ni saa kumi na moja jioni. Ilitugharimu jasho tu, lakini kuna atakayekosea kwa upande wa pili.

Jina lilipotoka lilikuwa kwenye orodha ya kusubiri, mbali. Dada akaanza kulia. Asilie mtu hapo. Mchezaji anaruhusiwa kuomba mashindano zaidi ya moja ya wiki ile ile, kisha anachagua. Mwisho wa kujitoa bila adhabu ni Jumanne, siku kumi na tatu kabla. Jumanne ile jioni orodha ilipukutika kama majani, na siku chache baadaye mpwa wangu akawa ndani. Ndiyo faida ya sisi wa mabasi: tuliweza kungoja bila kukata tiketi. Wa ndege anakata mapema anaomba Mungu.

Kutoka Mtwara tuliondoka alfajiri, tukaingia Mbagala Rangi Tatu jioni. Basi la Nairobi linaondokea Mbezi, kituo cha Magufuli, upande mwingine kabisa wa jiji, kwa hiyo tulilala Dar. Weka siku ya akiba kwenye barabara yetu hii. Waliokuwa safarini Mei 2024, maji ya Kimbunga Hidaya yalipoikata huko Somanga, wanajua nasema nini. Namanga tulivuka bila viza, pasipoti na kadi ya homa ya manjano mkononi, tukafika Nairobi Alhamisi. Kufuzu kulikuwa kunaanza Jumapili.

Zile siku tatu za kabla, ambazo nilizinung'unikia kwa sababu ya gharama za kulala, ndizo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Mtwara tuko usawa wa bahari. Hewa nzito, unyevu, mpira unakwenda kama umelowa, na kijana amejifunza kuupiga kwa nguvu zote ili ufike. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu. Hewa nyepesi, mpira unapaa. Mazoezi ya kwanza kila alichopiga kilitua kwenye uzio. Nilikaa pale nikiona milioni zangu zinagonga waya, kwaa, kwaa, kwaa.

Mkenya mmoja aliyekuwa anafanya mazoezi jirani akamwonea huruma. Akamweleza kwamba juu ya mita 1,219 hata mipira inayotumika inakuwa ya aina yake, na kwamba nyuzi za raketi zikazwe zaidi ili mpira usiruke hovyo. Fundi akakaza raketi tatu kwa shilingi 1,500 za kule kila moja. Sisi hatukuwa na bajeti ya nyuzi kabisa. Nilidhani raketi ni kama jembe, ukishanunua umenunua.

Na viwanja vilikuwa vya udongo mwekundu. Mpwa wangu maisha yake yote kacheza sementi. Viatu vyake vya sementi vilimtelezesha akaanguka mara mbili siku ya kwanza, tukanunua vingine vyenye soli ya mistari ya kukamata udongo, laki moja na themanini kwa hela yetu. Hili la udongo lilikuwa limeandikwa wazi kwenye taarifa ya mashindano, tangu siku ya kuomba. Hatukuisoma mpaka mwisho.

Jumapili alipangiwa sidi, kama hesabu ilivyosema, jamaa wa Ulaya aliyekuwa wa elfu moja na mia kadhaa duniani. Huyo ndiye wa chini kwenye dunia ya kina hao, na alikuwa na begi la raketi sita na mashine ya kukanda misuli. Mpwa wangu alikuwa na begi la shule. Lakini yule bwana alitua usiku wa kuamkia mechi. Seti ya kwanza alikuwa anapiga mipira uzioni, kwaa, kwaa, ule ule muziki wa Alhamisi yetu. Tukaichukua 6-4.

Seti ya pili ilitufundisha kitu kingine. Kwenye kufuzu hakuna waamuzi wa mistari, wala mwamuzi wa kiti kwenye mechi yetu hakuwepo; kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake, na refa anazunguka kati ya viwanja. Kwenye udongo mpira unaacha alama, una haki ya kuuliza, na mkishindwa kuelewana unamwita refa. Yule bwana aliita nje mipira miwili ambayo mimi nyuma ya uzio niliiona iko ndani, mmoja kwa kiganja kizima. Mpwa wangu akainama, akageuka, akaenda kusimama mahali pake. Tumemlea hivyo: mkubwa akisema, umesikia. Yule alimzidi miaka minane au tisa. Tukapoteza 3-6.

Wakati wa kupumzika alinitazama. Sikuruhusiwa kusema kitu, na hata ningeruhusiwa ningesema nini mimi? Nikanyoosha kidole chini, kwenye udongo. Alielewa. Kwenye kufuzu seti ya tatu haichezwi, inachezwa taibreka ya pointi kumi, mchezo mfupi wa kumpata mshindi. Kwa 6-6 jamaa akaita tena nje. Mpwa wangu akavuka mpaka kwenye wavu, akasema "alama, tafadhali," akasimama hapo hapo hadi refa akaja. Mpira ulikuwa umegusa mstari. 7-6, na ikaishia 10-7.

Nilipiga simu nyumbani, na dada akapiga vigelegele mpaka jirani wakadhani kuna mtoto kazaliwa.

Jumatatu alifungwa, 2-6 4-6, na sina la kusingizia. Yule alikuwa bora. Alikuwa na sevu ya pili (mpira wa kuanzishia, ule wa kwanza ukikosea) yenye mzunguko mkali, kwenye hewa ile ikawa inaruka mpaka begani, na kijana hakuwahi kukutana na mpira wa namna hiyo. Tukashikana mikono na watu, tukarudi nyumba ya wageni.

Hapa ndipo nilipokosea mimi, siyo yeye.

Jumanne asubuhi droo kuu ilikuwa inaanza. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, twende kwanza uwanjani, nikaangalie wale wenzangu." Mimi nilishaanza kuhesabu nauli. Nikamwambia, "Kula kwanza." Tukala chapati na maharage taratibu, tukapanda matatu kwenda River Road kukata tiketi za basi. Tuko kwenye foleni, simu ikaita. Ni yule Mkenya wa nyuzi.

"Sasa wewe uko wapi? Mbona hukusaini?"

Kusaini nini? Akaeleza. Waliofungwa kwenye raundi ya mwisho ya kufuzu hawajatoka kabisa. Kila asubuhi ya raundi ya kwanza kuna karatasi kwa refa, na mwenye kutaka anaisaini mwenyewe, kwa mkono wake, nusu saa kabla ya mechi ya kwanza. Mtu wa droo kuu akijitoa, kaumwa au goti limevimba, nafasi yake anaichukua mmoja wa waliosaini. Wanaitwa washindwa wenye bahati. Asubuhi ile mmoja wa droo kuu aliamka na tumbo. Waliosaini walikuwa wawili tu, kwa sababu wengine walishasafiri au walikuwa kama sisi. Aliyeingia hakuwa na pointi hata moja, kama mpwa wangu tu.

Sisemi ingekuwa yake. Wasio na nafasi duniani wangepigiwa kura, na huenda kura ingemwangukia yule yule. Lakini kutoka moja kati ya ishirini na tano tulikuwa tumefika kwenye kura ya watu wasiozidi watatu, na sisi tuko River Road tunauliza basi lina choo au halina. Dola 260 kabla ya makato, hiyo weka pembeni. Ilikuwa mechi ya droo kuu, na nyuma yake ile pointi.

Kijana hakusema neno. Alinishikia begi langu, akabeba na lake. Ningependa angenifokea.

Kulikuwa na makosa mengine nikayajua siku hiyo hiyo, maana mkosi haupendi kutembea peke yake. Wiki iliyofuata viwanja vile vile vilikuwa na mashindano mengine ya daraja lile lile, na karibu wachezaji wote walikuwa wameomba wiki zote mbili: nauli moja, kufuzu mara mbili. Sisi tuliomba moja, tukijiambia akishinda tutajua, akishindwa turudi. Mechi za wawili wawili nazo hatukuzifikiria, na nyumba ya wageni nilikuwa nimelipia usiku tisa, mpaka Jumamosi ya fainali. Ndiyo, fainali. Mtu niliyepiga hesabu ya moja kwa mia na ishirini na tano, nikalipia malazi ya bingwa. Mwenye nyumba alikataa kurudisha hata usiku mmoja, na kwa haki kabisa, risiti niliisaini mwenyewe.

Jumla tulitumia karibu milioni moja na laki tisa. Nauli za watu wawili kwenda na kurudi ndizo zilizobeba zaidi ya laki tano, kulala laki tatu, kula zaidi ya laki mbili (shilingi yao tuliibadilisha kwa kumi na saba zetu), kisha pasipoti, viatu, nyuzi, ada za mtandaoni na za uwanjani, na vile vidogo vidogo vya barabarani ambavyo havina risiti. Kwa bei ya msimu ule ni kama tani moja ya korosho. Mke wangu aliiandika namba hiyo kwenye ukuta wa stoo kwa mkaa, na bado ipo. Nauli yangu mimi ingetosha wiki ya pili ya kijana peke yake. Mtu mzima wa miaka ishirini na moja hakuhitaji kushikwa mkono, mimi ndiye niliyetaka kuiona Nairobi.

Miezi kadhaa baadaye alikwenda tena. Peke yake safari hii, wiki mbili, kitanda cha kukodi kwa yule Mkenya, malazi yakilipwa siku kwa siku. Wiki ya kwanza alifungwa mechi ya kwanza tu, 5-7 6-7, na sidi bila shaka. Wanaofungwa mapema hivyo wako mwisho wa foleni ya karatasi, lakini wamo.

Mimi nilikuwa Nanyamba, msimu wa kupulizia salfa, mashine mgongoni na uso umejaa vumbi la njano. Saa mbili kasoro robo simu ikatetema. Picha ya karatasi: majina matano, la kwake la kwanza juu kabisa. Nikaendelea na mistari ya mikorosho, nikiitoa simu kila baada ya mti wa tatu. Saa sita na nusu ujumbe ukaja.

"Hakuna aliyejitoa Mjomba. Wamefunga karatasi. Nimekaa hapa tangu asubuhi."

Nikavua kinga ya uso nione vizuri, nikamwandikia: "Haya. Kula sasa."